Kondoo wa Kolumbani Apewe Nani?

Sogeeni karibu, na anayepukuchua mahindi aendelee kupukuchua, mikono haizibi masikio. Nina kisa cha kondoo mmoja na watu watatu. Kondoo mwenyewe ni wa mbao, hajazi hata kiganja, hana sufu, hazai, hachinjiki. Lakini tangu nikiwa na miaka sita mpaka leo kichwa kimejaa mvi, sijapata mtu wa kuniamulia apewe nani. Nimewauliza mapadre wawili na hakimu mmoja wa mahakama ya mwanzo. Mapadre walicheka. Hakimu aliomba maji ya kunywa, kisha akabadili mazungumzo. Leo ni zamu yenu.

Chekechea yetu ilikuwa Likwambe, juu huko milimani Umatengoni, kwenye chumba kilichowahi kuwa ghala la mishumaa la parokia. Asubuhi ukungu uliingia darasani bila kupiga hodi. Mpaka leo nikinusa nta ya mshumaa nasikia njaa, maana harufu ile kwetu ilikwenda pamoja na uji wa ulezi. Tulikuwa watoto ishirini na watatu, wote wa miaka mitano na sita, na kila akiingia mgeni tulisimama na kupiga kelele kwa pamoja, "Tumsifu Yesu Kristo!" hata kama mgeni mwenyewe ni mbuzi wa jirani. Nakikumbuka chumba kile mpaka moyo unauma. Sasa watu watatu wa kisa changu, kila mmoja na kipaji chake.

Sista Notburga alikuwa na kipaji cha kugeuza kila jambo likawa mchezo. Wenzake waliamini mtoto hujifunza kwa ubao na fimbo. Yeye aliamini mtoto hujifunza kwa mikono na magoti. Herufi tulizichora kwenye majivu, unga tuliupima kwa vikombe, tulicheza duka, tulicheza harusi, tulicheza misa, mpaka siku moja wavulana wakawabatiza kuku wote wa Paroko kwa maji ya kisima na kuwapa majina ya watakatifu. Paroko alikasirika kwa muda wa nusu saa. Jioni alisikika akimwita jogoo wake kwa jina jipya.

Mzee Otmar Ndunguru, fundi seremala wa misheni, alikuwa na kipaji cha kutazama. Hakugusa patasi mpaka kwanza akitazame kitu akishibe. Ukimwomba akuchongee mwiko, anakuja kwako kukuangalia unavyosonga ugali. Na macho yenyewe yalikuwa yanamwisha, mtoto wa jicho alishaanza kumwingia, na mganga wa zahanati alimwonya aache kazi ndogondogo. Alikuwa mtu wa maneno machache, kama vile kila neno analilipia.

Filotea Kapinga, mwenzetu wa miaka sita, alikuwa na kipaji cha ukaidi. Najua mtasema huo si kipaji. Ngojeni. Bibi yake mwenyewe alikuwa akisema, "Huyu mtoto akisema hapana, hata mimi niliyemlea nakaa chini kwanza."

Haya, mchezo wenyewe. Sista alimwomba Mzee Otmar kondoo ishirini na watatu, mmoja kwa kila mtoto. Mzee hakwenda karakana. Alikuja darasani, akakaa nyuma kwenye kiti cha kitoto magoti yakimfika kidevuni, akatutazama. Kila kondoo alimchonga afanane na mtoto mwenyewe. Wa Filotea alikuwa amekita miguu yote minne chini kama anayegombea njia. Wangu aligeuza shingo kutazama nyuma, maana nilikuwa mbea tangu utotoni, na sioni haya kulisema. Wa mwisho kabisa alikuwa wa Kolumbani.

Kolumbani alikuwa mdogo wetu kuliko wote, na kazi yake ilikuwa kulala. Alilala kwenye mkeka, alilala kwenye foleni, na wakati wa sala ya Malaika wa Bwana alilala akiwa amesimama, mikono imefumbatwa vizuri kabisa. Mzee Otmar alimtazama siku tatu nzima. Halafu akamchonga kondoo amelala, miguu minne imekunjwa chini ya tumbo, kichwa ubavuni. Kazi ile ilimmaliza macho. Baada yake hakuchonga tena kitu kidogo maisha yake yote.

Sheria ya mchezo ilikuwa hii. Kondoo wako unakaa naye mfukoni, darasani na njiani. Kabla ya uji kila mtu anamweka wake katika zizi la vijiti, na mchungaji wa siku, mwenye kitenge begani, anahesabu. Wakitimia ishirini na watatu, uji. Akikosekana mmoja, hanywi mtu. Wote tunatafuta, chini ya mikeka, nje, hadi chooni, mpaka aonekane, na akionekana tunaimba na kucheza kumzunguka utafikiri kuna harusi. Siku nyingine Sista alimficha mmoja kwa makusudi. Tulijifunza kujumlisha na kutoa bila kujua kwamba tunajifunza, tumbo likisahihisha kila hesabu.

Aliyeuchukia mchezo ule ni baba yake Kolumbani, Mzee Wendelini Nchimbi, mwenyekiti wa kamati ya wazazi. "Nimemleta mwanangu asome," alikuwa akisema, "kuchunga angechunga nyumbani, tena wenye nyama." Alimwonya Sista mara mbili. Mara zote mbili Sista aliitikia, "Nimesikia, Mzee," na kesho yake kondoo wakarudi zizini. Ndipo Wendelini akaitisha kikao. Barua kwa Mama Mkuu ilikuwa imeshaandikwa, Sista aondolewe na chekechea ipate mwalimu anayejua kufundisha. Ilibaki kutiwa saini tu.

Kikao kiliangukia Ijumaa, siku mbili kabla ya Jumapili ya Matawi. Sista akawa ofisini anasomewa makosa yake, na sisi tukapelekwa bondeni na Katekista Zenobi kukata matawi ya ukindu. Njia inapita katikati ya mashamba ya ngoro. Kwa wasiokujua kwetu, ngoro ni mashimo tunayochimba kwenye miteremko, mamia kwa mamia, yamepangana mpaka chini, yashike maji ya mvua udongo usiporomoke. Mwezi wa tatu yalikuwa mapya, nyasi zilizofyekwa zimelazwa kando ya kila shimo.

Tulipokuwa tunapanda kurudi ukungu ulishuka. Kolumbani alikuwa ameshika mkono wangu, anaburuta tawi lake. "Dada Benigna," akaniambia, "nibebee. Nimechoka." Nikalichukua. Sasa nina matawi mawili, moja kila mkono, na mkono wa kumshika yeye haupo. Nilimwachia. Nilisikia nyayo zake nyuma yangu, halafu sikuzisikia, na mimi niliyechongwa shingo ya kutazama nyuma, siku hiyo sikutazama.

Kanisani tuliegemeza matawi ukutani. Katekista Zenobi alikuwa mwaminifu, ila ukungu haumwonyeshi mtu vichwa. Akahesabu matawi. Kila mtoto tawi moja, matawi ishirini na matatu, basi watoto ishirini na watatu. Akafanya ishara ya msalaba, tukaingia.

Zamu ya uchungaji ilikuwa ya Filotea. Akahesabu kondoo. Akahesabu tena.

"Ishirini na wawili."

"Ameanguka njiani," Katekista akasema, kata ya uji iko mkononi. "Mzee Otmar atachonga mwingine. Njooni mnywe, mmelowa."

"Hanywi mtu," Filotea akasema.

"Filotea, matawi nimehesabu mwenyewe. Yametimia."

"Mimi sihesabu matawi."

Katekista akaitazama ndoo ya uji, na sisi tukaitazama, mvuke unatoka pembeni ya mfuniko. Akanyoosha mkono aifunue. Filotea akamwahi. Akakaa juu ya mfuniko. Ule uji ulikuwa umetoka motoni muda huo huo, jamani, na yule mtoto alikuwa na gauni la kitambaa chepesi. Machozi yakamtoka lakini hakuinuka. Katekista akamshika kwapa amnyanyue, Filotea akang'ang'ania vishikio vya ndoo, uji ukamwagika, tukapiga mayowe wote.

Kikao kikavunjika. Wakaja mbio, Sista mbele, Wendelini nyuma na karatasi yake.

"Mnaona?" Wendelini akawaambia wenzake. "Mnaona wenyewe? Mtoto anajiunguza kwa ajili ya kipande cha mti! Haya ndiyo masomo?"

Sista alipiga magoti mbele ya ndoo. "Mchungaji, nani hayupo?"

"Anayelala," Filotea akasema kwa kwikwi.

Sista aligeuka kwenye mikeka ya pembeni, pale Kolumbani alipozoea kulala. Palikuwa na rundo la sweta chini ya blanketi. Akalifunua. Zilikuwa sweta tupu. Naiona mpaka leo ile karatasi ilivyomtoka Wendelini mkononi, ikadondokea kwenye uji.

Watu wote wazima mawazo yao yalikwenda mtoni. Mto ulikuwa umejaa, na kwetu mtoto akipotea huanzia huko. Wendelini alishafika mlangoni, anaita jina la mwanawe kwa sauti ambayo sijaisikia tena kwa mwanamume. Nje ngurumo, mvua inaanza. Mzee Otmar alikuwa ametoka karakana kusikiliza kelele. Akamzuia kwa mkono kifuani.

"Mtoni utapoteza muda," akasema. "Huyu nilimtazama siku tatu. Hafuati maji, hafuati kipepeo, hafuati kitu. Akichoka anatafuta penye nyasi pasipo upepo, anajikunja. Nendeni kwenye ngoro, zile mpya."

Nadhani hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote aliyowahi kusema kwa mkupuo.

Walimkuta safu ya nne kutoka njiani. Alikuwa amevuta nyasi zile za kando akazitandika ndani ya shimo, akajikunja, miguu chini ya tumbo, kichwa ubavuni, kondoo ngumini. Maji ya mteremko yalikuwa yanaingia kimyakimya, kama ngoro zinavyotakiwa kufanya, na yalikuwa yamefika sikioni. Mvua ile ilinyesha mpaka jioni. Wangemaliza kwanza kutafuta mtoni, nisingekuwa na kisa cha kuwasimulia, ningekuwa na kaburi la kuwaonyesha. Wendelini akaingia shimoni na viatu vyake vya kanisani, akamnyanyua. Kolumbani akafumbua macho.

"Baba," akasema, "uji umeiva?"

Barua haikutiwa saini. Wendelini hakuomba radhi kwa mdomo, mdomo wake haukujua njia hiyo. Jumatatu alileta debe la ulezi, akaketi kwenye kiti kilekile cha kitoto, akaomba ahesabu kondoo. Alikosea, wakawa ishirini na wanne. Tulimrudisha kuanzia mwanzo, na hakununa.

Mwezi wa kumi na mbili ukafika, tunahitimu kwenda darasa la kwanza. Sista alikuwa ametuwekea desturi kwamba siku ya kuaga kila mtoto anamkabidhi kondoo wake mtu mmoja aliyemsaidia kuliko wote. Mmoja tu, mbele ya watu, na akishapewa amepewa. Wengi wetu haikutusumbua. Mimi nilimpa mama, Filotea alimpa yule bibi yake. Lakini parokia nzima ilikuwa inamngoja Kolumbani, maana kila mtu alijua watu wanaostahili ni watatu, na kondoo ni mmoja.

Wazazi waligawanyika kuanzia nyumbani kwa Kolumbani mwenyewe.

Wendelini alisema apewe Sista Notburga. "Bila mchezo wake nani angehesabu? Nilimwonya mara mbili akaendelea. Angenitii mimi, mwanangu angekufa." Na Sista alikuwa anaondoka. Shirika lilikuwa limempangia nyumba nyingine, mbali, safari ya siku mbili. Mtawa hana mali, nyinyi mnajua, kila alicho nacho ni cha wote. Ila Mama Mkuu alikuwa amemruhusu kuondoka na kumbukumbu moja kutoka kwa mtoto. Sista mwenyewe alisema, "Mimi nilitaka wajue kuhesabu tu. Sikuota kama ingefika huku." Hakuomba. Lakini siku zile kila alipopita karibu na zizi nilimwona akimgusa yule anayelala, kwa kidole kimoja.

Mama Kolumbani alisema apewe Mzee Otmar. "Hesabu ilituambia kwamba amepotea. Haikutuambia yuko wapi. Tungekuwa mtoni mpaka leo." Na Mzee Otmar kufikia wakati huo alikuwa haoni tena ila mwanga na kivuli. Kondoo yule ndiye kazi yake ya mwisho, na waliojua mbao walisema ndiye bora kuliko zote. Macho yake yalibaki mle. Yeye alisema tu, "Mbao haihesabu, wala haipigi kelele. Mpeni mtoto." Lakini vidole vyake havikutulia magotini.

Bibi yake Filotea alisema apewe Filotea, na alisema kwa sauti, uwanja mzima wa kanisa ukasikia. "Mchezo ulikuwepo, kondoo alikuwepo, na mkubwa aliyesimama pale alisema tunyweni uji! Nani alikataa? Mtoto mwenye kovu mpaka leo, mnataka niwaonyeshe?" Filotea, tofauti na wale wawili, alitaka, na hakuficha. "Mimi namtaka," alisema. "Mimi ndiye niliyekaa kwenye moto." Wakubwa wengine walimwona hana adabu. Mimi sikumwona hivyo. Mtoto akitaka kitu cha haki yake akakisema, kosa liko wapi?

Siku yenyewe darasa lilijaa mpaka madirishani. Wale watatu waliketi kwenye benchi moja, Sista, Mzee Otmar, na Filotea katikati yao, miguu yake haifiki chini. Jina la Kolumbani likaitwa. Akasimama, kondoo mikononi, akawatazama. Halafu akageuka, akaja kwangu.

Nilidhani amepotea njia, kwa jinsi nilivyomjua.

"Chukua wewe, Dada Benigna," akasema. "Ulinibebea tawi langu."

Sikuwa nimemwambia mtu. Miezi tisa yote watu waliamini Katekista Zenobi alikosea hesabu, na yeye mwenyewe aliamini hivyo, na kila Jumapili nilimwona ameinama kwa aibu, nikanyamaza. Matawi yalitimia kwa sababu yangu. Na huyu mtoto wa watu amekuja kunishukuru kwa kitu kilichotaka kumuua. Nililia mbele ya parokia nzima. Nikamwambia kila kitu, kwa sauti, Katekista akisikia, mama yake akisikia. Nikamwambia kwamba nilimwachia mkono, kwamba sikutazama nyuma.

Kolumbani alinisikiliza mpaka mwisho.

"Lakini nilikuwa nimechoka kweli," akasema.

Akanifuta pua kwa ncha ya shati lake, akageuka, akarudi mpaka mbele ya benchi. Sista amefumba macho. Mzee Otmar anageuza uso kufuata kivuli. Filotea amenyoosha mikono yote miwili, waziwazi. Na kondoo ni mmoja.

Alichofanya nakijua, nilikuwepo, na hamtakipata kwangu hata mkinipikia kuku. Nataka kwanza nisikie vyenu. Bila Sista, asingehesabiwa. Bila Otmar, asingepatikana. Bila Filotea, uji ungenyweka na mvua ikanyesha. Haya, acheni mahindi hayo. Wewe ndiye Kolumbani, umesimama pale mbele, na wote watatu wanakungoja. Unamkabidhi nani?